Perege hawakui, kambare wamekwisha: sheria ya kipimo na hesabu inapokwama bwawani

Mombasa ukitaja uvuvi, watu huwaza changu, tafi na kolekole. Lakini maswali mengi yanayonifikia ni ya maji baridi: bwawa la perege nyuma ya nyumba huko Mwakirunge, silanga ya kijiji, yaani bwawa la kukusanyia maji ya mvua, njia ya Kinango, shimo la kuchimbia mawe lililojaa maji ambapo vijana hulipa kiingilio wakavua kwa ndoana Jumamosi. Karibu wote wanaouliza wameshaweka sheria. Samaki aliye chini ya sentimita 20 arudishwe. Kila mtu asizidishe watano. Miezi inapita, na bwawa linazidi kuharibika.

Mwenye bwawa haji kusema samaki wamezidi uwezo wa maji. Huja akisema wamerogwa. Kwa hiyo nimepanga haya kwa dalili, vile watu wanavyoziona, na chini ya kila dalili sababu inayotokea mara nyingi imetangulia. Nikisema kipimo, ni urefu wa samaki anayeruhusiwa kuchukuliwa. Nikisema hesabu, ni idadi ambayo mtu mmoja anaweza kuondoka nayo kwa siku.

Jambo moja nitalirudia hadi uchoke: sheria ya kurudisha wadogo inafaa ugonjwa mmoja, na mabwawa mengi ya huku kwetu yana ugonjwa mwingine kabisa.

Kabla ya yote, pima samaki mia moja

Usiguse sheria kabla ya hapo. Wavue kwa njia mbili, ndoana pamoja na kimia (wavu wa kutupa) au juya dogo (wavu wa kukokota), kwa sababu ndoana kubwa haishiki wadogo na utadhani hawapo. Mlaze samaki juu ya rula, mdomo umefungwa, mkia umebanwa, usome hadi ncha ya mkia. Katika daftari andika urefu kwa safu, 8, 9, 10 na kuendelea, na kwa kila samaki piga kijistari kwenye safu yake. Mia ikitimia utaona vijistari vimerundikana wapi.

Kisha pima uzito wa kumi hivi. Perege mwenye afya wa sentimita 20 huwa na gramu 150 au karibu na hapo, na wa sentimita 10 hafiki gramu 20. Urefu ukiwa mara mbili, uzito huwa mara nane. Kumbuka hesabu hiyo siku utakayoambiwa kikapu kimejaa.

Dalili: wako wengi mno, wote wadogo, hakuna anayekua

Ukitupa kipande cha mkate, maji yanachemka kwa samaki. Ukivua, wote ni sentimita 9 hadi 12, kichwa kikubwa, mwili mwembamba, mgongo kama kisu. Mzee mmoja wa Miritini alimshika jike ambaye hakufika urefu wa kiganja changu, akamtingisha ndani ya ndoo, na vitoto vikamwagika kutoka kinywani. "Mwanangu," akaniambia, "hebu tazama, mtoto kazaa watoto." Nikamwambia, "Mzee, huyu ni mtu mzima. Amekosa nafasi tu."

*Sababu ya kwanza ni sheria yenyewe.* Perege wa ziwa kubwa huzaa akiwa ameshakuwa mkubwa. Huyo huyo akibanwa bwawani huanza kuzaa akiwa na miezi michache na sentimita kumi tu. Jike hubeba mayai na watoto kinywani kwa muda unaokaribia wiki mbili, na wakati huo hali kitu. Kwa joto la maji yetu, nyuzi 27 hadi 30, huzaa tena baada ya mwezi mmoja au mwezi na nusu. Chakula alichokula kinaishia kwenye mayai, na watoto wake wanagawana kile kilichobaki. Sasa wewe unakuja na sheria ya kurudisha wote walio chini ya sentimita 20. Unawatoa wale wachache waliobahatika kukua, unawarudisha wale wanaowanyima wenzao chakula. Kila Jumamosi unang'oa mahindi ukaacha magugu.

Tiba yake ni kugeuza sheria. Ondoa kipimo cha chini kwa perege, na uandike kwenye ubao kwamba mdogo harudi majini. Anayevua wadogo achukue wote bila hesabu. Atakayewakataa awaache kwenye ndoo ya bwawa, wakaangwe wakavu au wapewe kuku. Kwa wakubwa weka hesabu ndogo, mmoja au wawili kwa mtu, hadi mambo yatengemae. Wenye mabwawa huona uchungu kwa hili. Wamefundishwa kwamba kumchukua mdogo ni dhambi, na baharini mara nyingi ni kweli. Ndoana peke yake haitatosha: pitisha juya lenye matundu madogo mara mbili au tatu, wiki chache kati ya kila safari, ukitoa wadogo kwa makumi ya kilo ikibidi. Ukitoa kikapu kimoja ukasimama, nafasi uliyofungua itajazwa na watoto wapya kabla ya mfungo kuisha.

*Sababu ya pili, kambare wamevuliwa wakaisha.* Kambare ndiye anayekula vitoto vya perege. Wavuvi humpenda kwa sababu ni mkubwa na anapigana na mshipi, kwa hiyo ndiye wa kwanza kutoweka. Uliza mvuvi wa mwisho kumpata alimpata lini. Kambare huzaa mvua inapofurika na maji kutanda kwenye majani ya pembeni. Katika bwawa lenye kingo zilizosimama wima hiyo haitokei, kwa hiyo waliotolewa hawarudi wenyewe. Nunua vifaranga vya kambare, uvitie wachache kwanza, na viwe vidogo kuliko perege wazazi. Hapa sasa ndipo mahali pa kipimo cha chini: kambare asiyefika sentimita 40 arudishwe, na mtu asichukue zaidi ya mmoja kwa siku. Bwawa moja, samaki wawili, sheria mbili zinazopingana. Hakuna ubaya.

Angalia chumvi kabla ya kununua. Visima vingi vya kisiwani na Kisauni vina maji yanayobadilisha hata ladha ya chai. Perege huvumilia chumvi vizuri kuliko kambare. Kama bwawa linajazwa kutoka kisima cha aina hiyo, peleka maji yapimwe kwanza.

*Sababu ya tatu, chakula na maji.* Kama wadogo si wengi sana lakini wamekonda, na maji ni meupe kiasi cha kuona miguu yako, bwawa ni maskini. Sheria ya uvuvi haitanenepesha samaki mwenye njaa.

*Sababu ya nne, mbegu.* Vifaranga vilivyookotwa kwa jirani, yeye naye aliokota kwa jirani, ni uzao wa ndugu kwa ndugu. Hapo tiba ni kusubiri kiangazi, kukausha bwawa, kutia chokaa na kuanza upya na vifaranga vya kiume vitupu kutoka kwa mzalishaji anayejulikana. Madume hukua haraka kuliko majike, na yakiwa peke yao hakuna uzazi wa kukushinda.

Simama hapa kidogo: usikomboe bwawa lako kwa kuchukua samaki hai kutoka maji mengine, wala usimwage waliozidi mtoni. Mito yetu ina perege wake wa asili, yule wa Sabaki akiwa mmoja, na hao wa kufugwa huchanganya damu nao. Kuhamisha samaki hai ni jambo la kuombea ruhusa kwa afisa wa uvuvi wa kaunti.

Dalili: wakubwa wamekwisha, lakini wadogo ni wanene na wazima

Kwa mbali inafanana na dalili ya kwanza, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Tofauti iko kwenye mizani. Samaki wa dalili ya kwanza amekonda. Huyu wa sasa amejaa, kichwa kidogo, anakua vizuri, ila anavuliwa kabla hajafika popote. Huu ndio ugonjwa wa Ziwa Victoria, na kwa ugonjwa huu kipimo cha chini ni dawa kweli.

Sababu ya kwanza, kipimo kiko chini mno. Pasua majike ishirini wa urefu mbalimbali, wale wanaokwenda jikoni hata hivyo, na utazame ni kwa urefu gani nusu yao wana mayai. Kipimo chako kikae sentimita kadhaa juu ya hapo, ili kila jike apate kuzaa japo mara moja kabla ya kuingia kikapuni. Usinakili namba ya bwawa jingine. Ziwa Victoria sangara aliwahi kuwekewa mipaka miwili, asiwe chini ya sentimita 50 wala juu ya 85, kwa sababu wadogo hawajazaa na wakubwa ndio mama wa ziwa. Wazo hilo unaweza kuliazima kwa samaki wako, namba zake hapana. Jike la perege la gramu 100 hutaga kama mayai mia moja kwa mara moja; la kati ya gramu 600 na kilo hutaga elfu moja hadi elfu moja na mia tano. Kama shida yako ni upungufu wa watoto, mpaka wa juu una thamani kuliko wa chini. Ni vigumu kumshawishi mtu aliyelipa kiingilio amrudishe samaki mkubwa kuliko wote aliowahi kushika maishani, najua. Mruhusu apige picha.

Sababu ya pili ni hesabu iliyo pambo tu. Nimewahi kukaa kando ya shimo moja Jumamosi nzima na daftari. Hesabu iliyoruhusiwa ilikuwa kumi. Wavuvi wengi waliondoka na samaki mmoja au wawili, baadhi mikono mitupu, na wawili tu ndio waliofika kumi. Sheria hiyo haikumzuia mtu yeyote isipokuwa hao wawili. Hesabu huanza kufanya kazi inaposhuka hadi pale mvuvi wa kawaida anapoigusa.

Sababu ya tatu ni watu. Watano kwa mtu, watu ishirini, Jumamosi nne: ni samaki 400 kwa mwezi, na hakuna aliyevunja sheria. Idadi ya wavuvi ikipanda, punguza siku au uza nafasi chache. Kushusha hesabu hadi mmoja kutakufukuzia wateja tu. Fanya hesabu kwa kurudi nyuma. Anza na samaki ambao bwawa linaweza kutoa kwa mwezi bila picha ya daftari kubadilika, gawanya kwa siku, kisha kwa watu.

Ya nne ni wizi wa usiku. Angalia nyayo kwenye tope alfajiri, na vipande vya chandarua vilivyonasa kwenye matete. Chandarua cha mbu kinachukua hata mayai yaliyotemwa. Pengine huna tatizo la kipimo hata kidogo, una tatizo la mlinzi.

Dalili: wote wamerundikana sentimita moja chini ya kipimo

Daftari linaonyesha mlima wa vijistari kwenye 19, halafu ukuta, halafu karibu tupu. Kipimo ni 20. Mara nyingi maana yake kila anayevuka anachukuliwa siku hiyo hiyo, yaani wavuvi ni wengi kuliko samaki, na tiba ni ile ya watu na siku niliyoitaja juu. Mara chache zaidi samaki wameishiwa chakula wakafika ukingoni mwa kukua. Wapime uzito, wakikonda rudi dalili ya kwanza. Lakini tazama rula kwanza. Niliwahi kukuta ubao wa kupimia uliochorwa kwa kalamu, na sentimita zake zilikuwa fupi. Kila samaki wa 19 alikuwa 20 halali kabisa.

Dalili: waliorudishwa wanaelea siku ya pili

Kipimo cha chini kinafaa tu kama anayerudishwa anaishi. Zunguka bwawa asubuhi baada ya siku ya uvuvi na uhesabu waliokufa, pamoja na wale waliokwama kwenye majani, maana kunguru huwahi.

Kinachoua zaidi ni ndoana iliyomezwa. Mvuvi anavuta, matumbo yanakuja. Afundishwe kukata mshipi karibu na mdomo na kuiacha ndoana humo humo. Samaki ana nafasi kubwa zaidi akiwa nayo tumboni kuliko akipasuliwa. Ndoana kubwa kidogo, iliyobanwa kile kijino chake kwa koleo, humezwa kidogo na hutoka upesi. Na mvuvi asiweke fimbo chini akaenda kununua mahamri. Chambo kikiachwa kinamezwa.

Kisha mikono mikavu na mchanga. Ule utelezi wa samaki ndio ngozi yake ya kinga. Lowesha mikono, usimlaze kwenye saruji ya moto.

Kisha ndoo. Watu huweka samaki kumi kwenye ndoo moja saa nzima "hadi tuchague", halafu wadogo wanarudishwa wamekwisha pumzi. Uamuzi ni pale pale kwenye ndoana: anabaki au anarudi.

Na joto. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na saa nane mchana mwezi wa Februari bwawa la kina kifupi ni supu. Ruhusu uvuvi asubuhi na jioni. Kama baada ya yote haya bado wengi wanakufa, achana na kipimo. Weka kanuni ya watano wa kwanza: kila samaki anayetoka anahesabiwa, mkubwa kwa mdogo, wa tano akitoka unakunja mshipi. Samaki aliyeliwa ana faida kuliko aliyerudishwa akaoza.

Dalili: sheria ipo, hakuna anayeifuata

Anza na ubao. Uko wapi, umeandikwa lugha gani, namba zinasomeka? Ubao mzuri kuliko wote niliouona hauna maneno: ni picha ya samaki wa urefu kamili imechorwa kwenye mbao, unamlaza wako juu yake. Akifunika picha, ni wako.

Kama watu wameielewa na bado wanaivunja, sikiliza kabla ya kufoka. Kwenye silanga ya kijiji, mama anayechukua perege kumi wadogo amepata mboga ya leo. Ukimwambia arudishe asubiri mmoja mkubwa, umemwambia watoto walale na ugali mtupu. Na kama bwawa lina dalili ya kwanza, yeye ndiye anayelitibu. Wewe unamsumbua bure. Sheria ya silanga ya wote itungwe barazani, akina mama wakiwepo, na ipitie kwa ofisi ya uvuvi ya kaunti. Bwawa lako binafsi una uhuru nalo, lakini maji ya umma hayana mwenye kujiandikia sheria peke yake.

Dalili: wakubwa tu, hakuna watoto kabisa

Ulinunua madume matupu? Basi hakuna kilichoharibika, vua umalize, nunua wengine. Kama sivyo, kambare wamezidi, na hapo hesabu ya kambare ipandishwe hadi watoto waonekane. La sivyo chumvi imepanda mwisho wa kiangazi, au maji yamepungua yakaacha juu vile vishimo vya duara ambavyo dume huchimba kwa kutagia. Subiri masika kabla ya kufanya lolote.

Hapa acha, mwite anayejua

Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, midomo nje, hilo halihusu kipimo wala hesabu. Hewa imekwisha majini, hasa kama maji ni ya kijani kibichi. Simamisha uvuvi na chakula, ingiza maji mapya yakianguka kutoka juu ili yapige povu, usitibue tope. Wakitulia jua likipanda, bado mwite afisa wa uvuvi wiki hiyo hiyo.

Wakifa ghafla wa kila aina na kila ukubwa, pamoja na vyura, fikiria sumu. Asiliwe hata mmoja, ng'ombe wasinywe. Kuvua kwa sumu au baruti kumekatazwa na sheria ya uvuvi ya mwaka 2016, kwa hiyo hilo ni la polisi pia.

Usiingize watu kuvuta juya kwenye silanga usiyoijua. Upande wa Kwale kichocho ni cha zamani na hakijaondoka. Anayeingia avae viatu virefu vya mpira, na akiona damu kwenye mkojo aende zahanati bila kuona haya. Karibu na Sabaki kuna mamba na viboko. Mashimo ya mawe yana kingo zinazokatika wima, hatua moja maji ya kiunoni, ya pili huna chini. Hapo juya livutwe kutoka kwenye chombo na watu wenye kazi hiyo.

Kabla afisa hajafika, mwekee samaki wawili watatu waliokuwa wakifa, wale waliokwisha kufa hawamfai. Wakae kwenye barafu bila kugandishwa. Mwekee na chupa safi ya maji iliyochotwa kabla ya jua kuchomoza, imejazwa hadi mdomoni bila kiputo cha hewa, na lile daftari la vijistari.